Kwa nini Datsun 240Z kuukuu huzimika likisimama, na jinsi ya kuitambua kasoro

WAMILIKI wa magari ya spoti ya zamani wanaifahamu vyema adha hii. Gari huwaka asubuhi bila tabu na kukimbia barabarani bila kusita, lakini likifika kwenye taa za trafiki, injini huanza kutetemeka, hukohoa mara mbili tatu, kisha huzimika.

Miongoni mwa magari yanayosumbua kwa njia hiyo ni Datsun 240Z, gari lenye historia ndefu katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari Rally wakiliendesha. Shekhar Mehta na Lofty Drews waliurudia ushindi huo mwaka wa 1973, tena kwa 240Z.

Gari hilo liliundwa kabla ya enzi ya kompyuta za magari. Injini yake ya lita 2.4 ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, nayo hulishwa na kabureta mbili. Kwa hivyo hakuna mashine ya kuchomeka ili isome kasoro. Fundi hutegemea macho, masikio na utaratibu.

Utaratibu ndio hukosekana mara nyingi. Injini ikitetemeka tu, kabureta hulaumiwa kwanza. Hufunguliwa, huchokorwa, na pengine hutupwa na kuwekwa nyingine zisizolingana na gari, ilhali kasoro ilikuwa kwenye mpira uliopasuka au waya uliokatika.

Isitoshe, kuzimika kwa injini si kero tu. Breki za gari hili husaidiwa na nguvu ya mvuto wa hewa kutoka kwa injini. Injini ikizimika mteremkoni, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara chache tu, kisha pedeli huwa ngumu na dereva hulazimika kuikanyaga kwa nguvu nyingi zaidi. Kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, lori likiwa mbele na basi nyuma, kasoro ndogo ya injini inaweza kugharimu maisha.

Huzimika wakati gani?

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kushika spana, fundi anapaswa kujua gari huzimika katika hali gani, kwani kila hali huelekeza kwenye chanzo chake.

Injini ikiwaka wakati stata inazunguka lakini ikazimika papo hapo ufunguo unapoachiliwa, kabureta hazina hatia. Koili hupata umeme kwa njia mbili: moja ya kuwashia na nyingine ya kuendeshea, na hii ya pili hupitia kwenye kipunguza umeme kilicho karibu na koili. Kipunguza umeme hicho kikiungua, au waya wake ukilegea, cheche hukatika mara tu stata inapoachiliwa.

Gari likizimika baada ya kupata joto na kuwaka tena baada ya kupoa, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni kondensa au koili inayoshindwa kufanya kazi ikipata joto. Wa pili ni petroli inayochemka. Katika injini ya 240Z, kabureta na bomba la moshi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya bomba hilo. Gari likiegeshwa Voi au Mtito Andei wakati wa jua kali, joto hupanda na kuichemsha petroli iliyo ndani ya kabureta.

Njia ya kuwatenganisha washukiwa hao ni kukagua cheche papo hapo gari linapozimika, kabla halijapoa. Cheche ikikosekana au ikiwa hafifu na ya manjano, kasoro iko upande wa umeme. Ikiwa ya samawati na yenye nguvu, basi petroli ndiyo ichunguzwe. Cheche ikaguliwe mbali na kabureta na mahali pasipo na harufu ya petroli.

Gari likikosa nguvu baada ya safari ndefu kisha likazimika, mfuniko wa tangi ufunguliwe. Sauti ya hewa ikisikika ikiingia kwa kishindo, njia ya kupitishia hewa ya tangi imeziba. Chujio nalo likaguliwe, kwa kuwa matangi ya magari ya umri huu hushika kutu, na chembe zake huziba njia ya petroli.

Ikiwa gari hukimbia vyema na kusumbua tu linaposimama, hatua zinazofuata zichukuliwe kwa mpangilio.

Umeme kabla ya petroli

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha injini yenyewe ni nzima. Nafasi za vali zipimwe injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na milimita 0.30 kwa vali za kutolea moshi. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, na silinda yake hupoteza nguvu, hasa injini inapozunguka polepole.

Baada ya hapo ni distributa. Pengo la pointi liwe karibu milimita 0.5, na nyuso zake zisiwe zimeungua. Ndani mna waya mdogo wa kuunganisha bamba la pointi na mwili wa distributa. Waya huo hupindapinda kila dereva anapokanyaga mafuta, na baada ya miaka mingi hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa macho. Taimingi iwekwe mwisho, kwa kipimo cha kitabu cha gari husika, kwani pengo la pointi likibadilika nayo hubadilika.

Hewa ya wizi

Hatua ya tatu ndiyo hufichua kasoro nyingi. Injini inapozunguka polepole, hufyonza hewa kwa nguvu kubwa. Ufa wowote baada ya kabureta huingiza hewa ambayo haikuchanganywa na petroli. Gari likiwa mwendoni, hewa hiyo ni kidogo ikilinganishwa na ile inayopita kwenye kabureta, na dereva hahisi lolote. Likisimama, huwa sehemu kubwa ya kile ambacho injini inavuta, na mwako hukosa petroli ya kutosha.

Baadhi ya mafundi hupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ili wasikilize mabadiliko ya mngurumo. Njia hiyo ni hatari mno kwa gari hili, kwa sababu bomba la moshi lililo moto liko chini tu ya mahali panapopuliziwa.

Iliyo salama ni kubana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Mngurumo ukitulia baada ya mpira fulani kubanwa, hewa ya wizi inaingilia upande huo. Mpira unaoelekea kwenye kisaidizi cha breki upewe kipaumbele, kwa kuwa kiwambo chake kikipasuka huharibu mngurumo na breki kwa pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna jaribio jingine rahisi. Waya za plagi hutolewa moja moja, kwa glavu au koleo lisilopitisha umeme, injini ikinguruma. Silinda nzima ikikatwa, mngurumo hushuka. Isiposhuka, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi. Kila kabureta huhudumia silinda tatu, ya mbele ikilisha namba 1 hadi 3 na ya nyuma namba 4 hadi 6. Kwa hivyo tatu za upande mmoja zikiwa dhaifu, kabureta ya upande huo ndiyo inayoshukiwa. Ikiwa ni moja tu, plagi, waya au vali yake ichunguzwe.

Kabureta huwa za mwisho

Hatua hizo zikikamilika, kabureta sasa ziguswe. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopanda na kushuka. Ikiinuliwa na kuachiliwa, inapaswa kushuka yenyewe na kugonga chini. Ikikwama, isafishwe.

Kisha kabureta zote mbili zisawazishwe ili zivute hewa kwa kiasi sawa. Asiye na kipimo hutumia kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, akilinganisha mvumo wa zote mbili.

Mchanganyiko hupimwa kwa kuinua pistoni kidogo tu, kama milimita moja. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukishuka au injini ikizimika, petroli ni haba. Ukipanda kidogo kisha ukarudi mahali pake, mchanganyiko ni sawa. Skrubu za mwendo hukazwa mwishoni, hadi injini izunguke kama mara 750 kwa dakika.

Kwa Wakenya kuna jambo jingine la kuzingatia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Kabureta haziwezi kujirekebisha kikamilifu. Gari lililorekebishwa Mombasa likipanda Nairobi huwa na petroli ya ziada: plagi huwa nyeusi na injini hunguruma kwa uzito. Lililorekebishwa Nairobi likiteremka pwani huwa na upungufu. Mmiliki asikimbilie kununua vipuri kabla ya kuzingatia mahali gari lilikorekebishwa.

Kazi hizi zifanywe mahali palipo wazi, kwani moshi wa injini huua bila kutoa onyo, na kizimamoto kiwe karibu. Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe. Anayebadilisha plagi, kondensa na skrubu za kabureta siku moja huenda akaliponya gari, lakini hatajua alichoponya, na kasoro ikirejea atalazimika kuanza upya.

Gari ambalo bado linazimika lisipelekwe safari ya mbali. Likizimika njiani, dereva akanyage klachi, akanyage breki mara moja kwa uthabiti bila kuipigapiga, na atoke barabarani msaada wa breki ungali upo. Usukani wa 240Z hautegemei nguvu za injini, hivyo utaendelea kumtii.