Migomba Iliyo Adimu

Huko Ulaya na Marekani wako watu wapandao migomba kwa kuipenda tu, wala si kwa chakula. Hutafuta aina zisizoonekana sokoni: mgomba wa Hawaii uitwao Ae Ae, ambao majani yake na hata ndizi zake zina mabaka meupe, au Pisang Seribu, wenye mkungu mrefu mno uliojaa ndizi ndogo ndogo. Hulipa fedha si haba kwa chipukizi moja. Msomaji wa Ndungu huenda akacheka, maana mkono wa tembo, wenye ndizi chache zilizo kama pembe, kwetu si ajabu.

Lakini jambo hili si la kuchekwa. Migomba ya chakula haina mbegu. Huzaliwa kwa machipukizi ya tunguu. Mahindi mtu huyaweka ghalani hata mvua nyingine, bali mgomba hukaa shambani, na shina la mwisho likifa aina yake imekwisha.

Tazameni mshare, ambao hulimwa tangu zamani Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba migomba ya jamaa yake ni mzazi mmojawapo wa Gros Michel na Cavendish, ndizi zilizopata kuuzwa kuliko zote duniani. Gros Michel iliangamia katika mashamba makubwa ya Amerika kwa ugonjwa wa mnyauko, na Cavendish ikashika mahali pake. Mshare nao hupatwa na mnyauko. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Arusha huuchanganya na migomba mingine ili kupata watoto wenye nguvu, na huko Leuven, Ubelgiji, tangu 1985 huhifadhiwa vimelea vya migomba katika vichupa, sasa zaidi ya aina 1,500.

Basi wazee na akina mama wa milimani waulizwe majina ya migomba yao, na walimu wayaandike. Mwenye aina adimu na aipande mahali pawili palipo mbalimbali. Ila machipukizi yasiteremshwe ovyo mpaka Ndungu. Kwanza akague shamba: mgomba wenye majani ya manjano yaliyolegea na kuning'inia, ambao shina lake likikatwa huonyesha nyuzi nyekundu au za hudhurungi, usitolewe chipukizi kamwe. Kumenya tunguu hata liwe jeupe huondoa fukusi, lakini hakuponyi mnyauko. Nao hukaa udongoni miaka mingi, hata udongo ulioganda katika jembe la kuazima waweza kuuleta.