Je, Wajua? Mchezo wa Wanafunzi Uliolelewa na Redio

Ukiwa Marekani Jumamosi yoyote kati ya Septemba na Novemba, washa redio ya gari: ni mpira wa vyuo vikuu mwanzo mwisho. Hapa hatuzungumzii soka. Hii ni futiboli ya Kimarekani, yenye mpira wa ncha mbili unaobebwa mikononi na wachezaji waliovaa kofia ngumu, na hao wachezaji ni wanafunzi. Siku zinazofuata, redio hiyohiyo inawafungulia wasikilizaji simu, nao wanalumbana juu ya Jumamosi iliyopita mpaka Jumamosi nyingine ifike. Mchezo huu na redio vimekua pamoja kwa zaidi ya miaka 100, na njiani vimeacha visa vya kushangaza kwelikweli.

Matangazo ya kwanza hayakuwa na mtangazaji

Tarehe 25 Novemba 1920, mechi ya Chuo Kikuu cha Texas dhidi ya Texas A&M mjini Austin ilirushwa hewani bila mtu kufungua kinywa. Ilipigwa kwa alama za Morse, milio mifupi na mirefu, kupitia mtambo wa majaribio wa A&M ulioitwa 5XB. Ili mkono wa mpigaji uende sambamba na mchezo, waliandaa vifupisho mapema: "TB A 45Y" ilimaanisha Texas wana mpira kwenye yadi ya 45 upande wa A&M. Watu waliokuwa na mitambo yao majumbani, huku na huko katika jimbo la Texas, waliufuata mchezo kwa kalamu na karatasi mpaka Texas wakashinda 7–3.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya fundi wa kiwandani

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1921, Harold Arlin wa kituo cha KDKA alitangaza kwa mdomo mechi ya Pittsburgh na West Virginia. Pittsburgh, waliokuwa wenyeji, walishinda 21–13. Arlin hakusomea utangazaji, maana hapakuwa na wa kumfundisha: alikuwa mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, wenye kituo. Inasimuliwa kwamba bao moja lilimpandisha mori, akapiga ukelele ambao mitambo ya siku zile haikuuweza, matangazo yakakatika.

Uwanja mmoja, historia mbili

Tarehe 28 Oktoba 1922, Princeton walisafiri hadi Chicago na kushinda 21–18. Sauti ya mechi ile ilipita kwenye waya wa simu ya masafa marefu hadi New York, ikarushwa na kituo cha WEAF. Watu walisikia mchezo unaochezwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,100, wakati uleule unapochezwa. Uwanja wenyewe uliitwa Stagg Field. Sasa sikia hili: baadaye Chuo Kikuu cha Chicago kikaacha futiboli ya ushindani, na tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja huohuo, Enrico Fermi na wenzake wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Mahali palipotoa mechi ile maarufu ya redio ndipo zilipoanzia zama za atomiki!

Rais aliyepata kazi kwa kutangaza mechi isiyokuwepo

Mwaka 1932 kijana mmoja asiye na kazi aliingia kituo cha WOC mjini Davenport, Iowa, kuomba utangazaji. Akawekwa peke yake chumbani na kipaza sauti, akaambiwa atangaze mechi kana kwamba anaiona. Alichagua robo ya mwisho ya mchezo aliowahi kuucheza mwenyewe chuoni Eureka, akausimulia kwa kumbukumbu, jua likizama na ubaridi ukiingia uwanjani. Katika mechi halisi alikosea kumzuia mpinzani mmoja. Kwenye simulizi alimzuia barabara. Akapewa mechi ya Iowa na Minnesota kwa dola 5 na nauli ya basi.

Kijana huyo ni Ronald Reagan. Mwaka 1940 aliigiza kwenye filamu kama George Gipp, mchezaji mashuhuri wa Notre Dame, na mwaka 1981 akaapishwa kuwa Rais wa 40 wa Marekani. Mimi naamini chumba kile cha Davenport kilimfunza jambo ambalo hakulisahau: namna ya kumfanya msikilizaji aone.

Miaka 33 televisheni ilibanwa, redio ikatamba

Kuanzia mwaka 1951, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliweka masharti makali juu ya mechi za televisheni kwa hofu kwamba watu wataacha kwenda viwanjani. Timu ikionekana kwenye runinga mara moja au mbili kwa msimu, mashabiki wake walishukuru. Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyovunja utaratibu huo mwaka 1984, kwa kura 7 dhidi ya 2.

Redio haikubanwa. Kwa hiyo shabiki wa Georgia au Nebraska alizijua mechi nyingi za timu yake kupitia kinywa cha mtu mmoja tu, mwaka baada ya mwaka, hata sauti ya mtangazaji huyo ikawa mali ya jimbo zima. Mpaka leo wako wanaozima sauti ya televisheni na kusikiliza redio huku wakiangalia picha.

Mtangazaji aliyevunja kiti

Larry Munson aliitangazia Georgia tangu 1966 hadi 2008, na hakuficha hata siku moja anamshabikia nani. Tarehe 8 Novemba 1980, mjini Jacksonville, Georgia walikuwa nyuma 21–20 mbele ya Florida. Mpira ulikuwa kwenye yadi yao ya 7, umekwama karibu kabisa na mstari wao, na muda umeyoyoma. Buck Belue akakwepa, akarusha; Lindsay Scott akadaka katikati ya uwanja na kuanza kukimbia. Munson alisahau kutangaza, akawa anampigia kelele mkimbiaji: kimbia, kimbia! Yadi 93, bao, Georgia 26–21.

Pumzi iliporudi, Munson aliwaambia wasikilizaji hewani kwamba amevunja kiti chake. Kilikuwa kiti cha chuma. Georgia walimaliza msimu ule bila kufungwa na kutwaa ubingwa wa taifa, lakini mtu wa Georgia ukimtajia mwaka 1980, mara nyingi cha kwanza atakachokuletea ni kile kiti.

Bao lililopita katikati ya bendi

Tarehe 20 Novemba 1982, mjini Berkeley. Stanford, wakiongozwa na John Elway, wamepata uongozi wa 20–19 zikiwa zimebaki sekunde 4. Wanawapigia wenyeji, California, mpira wa kuanzishia. Kanuni inasema mchezaji akiwa mbioni anaweza kumtupia mwenzake mpira kwa nyuma mara nyingi apendavyo, mradi asikamatwe. California wakatupiana mara 5. Katikati ya purukushani, bendi ya Stanford ikadhani mchezo umekwisha na ikaingia uwanjani na vyombo vyake. Kevin Moen akapenya katikati ya wapiga tarumbeta, akavuka mstari, na alipotua akamwangusha mpiga tromboni.

Jiulize: mambo hayo unayatangazaje kwa mtu asiyeona? Joe Starkey wa redio ya KGO aliyafuata mtupo kwa mtupo, sauti ikizidi kupanda, akiwaeleza wasikilizaji kwamba bendi imo uwanjani. Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi: waamuzi wakakusanyika kujadiliana, naye ikabidi asubiri hewani bila kujua aseme nini. Walipokubali bao, 25–20, alipasua koo. Ukitazama picha za tukio lile leo, sauti unayoisikia chini yake ni ya redio.

Shangwe iliyochorwa na kipima tetemeko

Mjini Baton Rouge, tarehe 8 Oktoba 1988, LSU walikuwa nyuma 6–0 dhidi ya Auburn, muda ukiwa ukingoni. Tommy Hodson akamrushia Eddie Fuller, bao, na mwishowe 7–6. Watu wapatao 79,000 waliruka kwa pamoja, na kipima tetemeko cha chuo hicho, kilichokuwa jirani na uwanja, kikachora mtikisiko. Mtangazaji anaposema uwanja unatetemeka, hapa kuna karatasi ya ushahidi.

Usiku redio huenda mbali

Mchana mawimbi ya AM hufika umbali wa kiasi. Usiku huruka hadi majimbo ya mbali. Sababu ni kwamba jua likizama, tabaka la chini la anga ya juu linalomeza mawimbi hayo hutoweka, na matabaka yaliyo juu zaidi huyarudisha ardhini mbali sana. Ndiyo maana kituo cha wati 50,000 kama WWL cha New Orleans kinaweza kumfikia dereva wa lori aliye mamia ya maili kutoka nyumbani, akiwa gizani barabarani na timu yake ikicheza.

Kituo cha michezo tu, saa 24

Tarehe 1 Julai 1987, saa 9 alasiri, WFAN ya New York ilifungua milango ikiwa redio ya kwanza ya michezo usiku na mchana. Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya mwanamke, Suzyn Waldman. Wengi walishangaa: watu wazungumze michezo saa 8 usiku, na nani awasikilize? Jibu lilikuwa kwenye laini za simu. Msikilizaji alipopewa nafasi ya kusema, kipindi hakikuisha maneno, na mtindo huo ukaenea mji kwa mji.

Simu moja, miti miwili

Hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa redio hizi kama hiki cha Alabama. Jimbo hilo halina timu hata moja ya ligi kuu za kulipwa, kwa hiyo mapenzi yote yamegawanyika kati ya vyuo viwili, Alabama na Auburn. Katika kona iitwayo Toomer's mjini Auburn palikuwa na mialoni miwili, na kila ushindi mkubwa mashabiki walikuja kuirushia karatasi za chooni mpaka inakuwa myeupe tupu, juu hadi chini, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao.

Novemba 2010, Auburn walitangulia kufungwa 24–0 nyumbani kwa Alabama, wakapindua meza na kushinda 28–27. Januari wakawa mabingwa wa taifa. Tarehe 27 ya mwezi huo, mtu aliyejiita Al wa Dadeville alipiga simu kwenye kipindi cha Paul Finebaum mjini Birmingham na kusema, bila kupepesa, kwamba ameitilia sumu miti ile. Finebaum akamuuliza kama miti imekufa; akajibu bado, ila itakufa.

Chuo kikapima udongo na kukuta kiuagugu kikali mno. Februari polisi wakamkamata. Mwaka 2013 alikiri kosa na kufungwa jela, na Aprili mwaka huohuo miti ikakatwa, baada ya maelfu kuja kuirushia karatasi kwa mara ya mwisho. Mtu alitenda kosa bila shahidi, kisha akalipeleka mwenyewe redioni, kwa sababu hapo ndipo alipojua mashabiki wote wa Auburn watamsikia. Kila nikikisoma kisa hiki huwa nasikitikia miti, na nashangazwa upya na nguvu ya kipindi kile. Mwaka 2014 kipindi cha Finebaum kilihamia pia kwenye televisheni ya SEC Network, na bado simu ndizo zinazokiendesha.

Umati unaopiga hizo simu

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam pomoni, watu 60,000, na bado wengine zaidi ya 47,000 watakuwa na tiketi mkononi. Huo ni uwanja wa wanafunzi!

Kocha humpita gavana mshahara

Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu, wa futiboli au wa mpira wa kikapu. Novemba 2023 Texas A&M walimwachisha kazi kocha wao, Jimbo Fisher, na mkataba uliwadai wamlipe zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Wachezaji wenyewe walianza kuruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao Julai 2021, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Simu redioni zimebadilika ipasavyo: shabiki aliyezoea kuuliza nani ataanza Jumamosi, siku hizi anauliza pia nani amemlipa nani, na timu yake imebakiwa na kiasi gani mfukoni.