Kabla ya kununua segma, pima kwanza silinda



Katika vikao vingi vya koperative, swali la pikipiki linakuja mbele ya swali la mbegu. Siyo ajabu. Pikipiki isipotembea, mufuko wa viazi haufiki Sake, maharagwe yanabaki kwa depo, na yule mununuzi anayekuja mpaka shambani ndiye anapanga bei peke yake. Kwa hiyo safari hii tunaacha kidogo mashamba, tuzungumzie moteri ya pikipiki ya zamani: zile ndogo za 100, 125 na 150, kama Boxer, TVS na za Kichina, ambazo koperative mingi ziko nazo.

Ninaona jambo moja mara mingi. Pikipiki inaanza kutoa moshi wa bluu, inakunywa mafuta, haina tena nguvu ya kupanda mulima na muzigo. Komite inatoa pesa, segma mupya zinanunuliwa na kuwekwa. Kisha mwezi mumoja ao miwili, moshi unarudi vilevile. Watu wanasema segma zilikuwa za bandia. Inawezekana, bandia ziko mingi sokoni. Lakini mara mingi zaidi segma hazina kosa: silinda yenyewe ndiyo ilikuwa imekwisha, na hakuna mutu aliyeipima. Kuweka segma mupya ndani ya silinda iliyokula ni kama kuweka kifuniko kipya kwa bidoni yenye mudomo uliopanuka.

Moshi unasema nini

Moshi wa bluu unaotoka wakati wote, zaidi moteri ikibeba muzigo, unaonyesha mafuta yanapita kwenye segma na kuungua pamoja na esansi. Lakini kuko moshi mwingine wa bluu. Mumeteremka mulima murefu kuelekea Sake, gazi imefungwa, na mukifungua gazi kule chini wingu moja la bluu linatoka kisha linaisha. Ao linatoka asubuhi tu, wakati wa kuwasha. Huo mara mingi unatoka kwa vile viraba vidogo vinavyoziba miguu ya supapu. Ni piesi ya bei ndogo, na silinda haihusiki.

Moshi mweusi ni jambo lingine kabisa: esansi ni mingi kuliko hewa. Kwenye milima ya juu ya Masisi hewa ni nyepesi, na pikipiki ambayo karburateri yake ilipangwa kule chini Walikale inaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na segma zake ni nzima. Filtri ya hewa iliyojaa mavumbi inafanya vilevile. Usifungue moteri juu ya moshi mweusi. Ule mweupe kidogo wa asubuhi ya baridi, unaoisha moteri ikipata moto, ni muvuke wa maji tu.

Kama mungali na shaka, kuko jaribio lisilo na gharama. Fungua bujii, mwanga ndani ya tundu kijiko kimoja cha mafuta ya moteri, piga kiki mara chache bila kuwasha ili mafuta yaenee, rudisha bujii, kisha piga kiki tena polepole. Kama kiki imekuwa nguvu kuliko mbele, mafuta yameziba kwa muda nafasi ya segma: ugonjwa uko kwa segma ao silinda. Kama haikubadilika kitu, tafuta kwa supapu ao kwa jwenti ya kulasi.

Na tena, muandike ndani ya kaye mafuta munayoongeza. Moteri hizi zinabeba karibu litre 1 tu. Pikipiki inayoongezewa robo litre kila juma imekunywa vidanje nzima kwa mwezi. Kuna siku inapelekwa bila mutu kuangalia kiwango, na siku hiyo pistoni inashika. Hapo hatuzungumzii tena segma, tunazungumzia moteri.

Kufungua

Kazi hii mutu mwenye mikono mizuri anaweza kuifanya kijijini, lakini kwanza aioshe pikipiki. Mavumbi yanayoanguka ndani ya moteri iliyofunguliwa yatakula piesi mupya. Fanyeni kazi ndani ya nyumba, juu ya kitambaa safi, mbali na moto juu ya esansi.

Mwanga mafuta ya zamani. Zungusha moteri mpaka pistoni iwe juu kabisa, supapu zote mbili zikiwa zimefungwa: alama ya T kwenye volani iwe mbele ya alama ya moteri, na alama ya gurudumu la sheni ndani ya kulasi iwe mahali pake. Piga foto na telefone. Foto hiyo itawaokoa siku ya kurudisha. Legeza kivuta sheni, toa gurudumu, na funga sheni kwa kipande cha waya ili isianguke ndani. Nati za kulasi zinalegezwa kwa musalaba, kidogo kidogo, siyo moja mpaka mwisho. Kulasi ao silinda ikigoma, gonga taratibu na kipande cha muti. Kuingiza turnevisi katikati kunaacha alama, na pale ndipo mafuta yatavuja kesho.

Silinda ikitoka, ziba shimo la moteri na kitambaa safi mbele ya kugusa pistoni. Kile kipini kidogo cha waya kinachoshika ekisi ya pistoni kinapenda kuruka, na kikiingia mule chini, moteri nzima itafunguliwa juu yake. Angalia pia alama iliyo juu ya pistoni, mushale ao maandiko IN, inaelekea wapi, na uandike.

Mbele ya kuendelea, shika biele na mikono miwili, uivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza kidogo kwa upande, ni kawaida. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, ruloma yake imekwisha na kazi inapita nguvu ya kijiji. Inafaa kuijua leo, musije mukanunua pistoni ya moteri ambayo biele yake itavunjika.

Kupima bila mashini kubwa

Mafundi wa muji wanapima silinda na chombo cha bei kali. Sisi tunaweza kupata jibu karibu sawa na segma moja na kale, yaani zile sahani nyembamba za chuma zilizoandikwa 0,05, 0,10, 0,20 na kuendelea, ambazo fundi yeyote wa supapu yuko nazo.

Chukua segma ya juu, ile ya kwanza. Iingize peke yake ndani ya silinda, upande wa chini kabisa, mahali ambapo segma za pistoni hazifikake. Isukume na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isilale upande. Pima na kale ile nafasi iliyo kati ya ncha zake mbili, uandike. Sasa ihamishe juu, karibu sentimetre 1 toka ukingo, pale silinda inapokula zaidi. Pima tena.

Toa hesabu ya chini kwa hesabu ya juu, halafu gawanya kwa 3. Jibu ndilo silinda imepanuka. Juu ya nini 3? Juu muzunguko wa kitu cha duara ni mara 3 na kidogo ya upana wake. Silinda ikipanuka kidogo, ncha za segma zinaachana mara tatu zaidi.

Mufano: chini munapata 0,20 mm, juu 0,50 mm. Tofauti ni 0,30. Gawanya kwa 3, ni 0,10 mm. Ni unene wa karatasi moja ya kaye, lakini kwa moteri ndogo kama hizi 0,10 ndio mwisho. Silinda hiyo inaomba kuchongwa upya, na segma mupya peke yake ni pesa iliyotupwa. Kama jibu ni 0,02 ao 0,03, silinda haina mikwaruzo ambayo ukucha unasikia, na pistoni haijakwaruzwa, basi segma mupya zinatosha. Segma mupya nazo muzipime: kwa pikipiki nyingi za namna hii nafasi nzuri ni kati ya 0,10 na 0,30 mm, ikipita 0,50, hazifai. Zikikosa nafasi kabisa ni mubaya pia, sababu zikipata moto zitapanuka na kukwama.

Kile kinachosafiri ni silinda

Hapa ndipo koperative za Walikale zinaweza kupona gharama kubwa. Mutu wa Mubi ao wa Pinga haombwi kupakiza pikipiki nzima mpaka Goma ao Bukavu. Silinda ni kilo chache, inaingia ndani ya mufuko na kusafiri na mutu munayemuamini. Pikipiki inabaki nyumbani, imefunikwa vizuri.

Lakini kuko utaratibu mumoja ambao watu wanaugeuza: pistoni inanunuliwa kwanza, silinda inachongwa kisha. Pistoni za kubadilisha zinakuja na vipimo vya kupita ya kiwanda, na namba imepigwa juu ya kichwa chake: 25 maana yake imeongezeka 0,25 mm, 50 ni 0,50. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni mia chache za milimetre, kwa hiyo fundi wa kuchonga anapaswa kuwa na pistoni yenyewe mukononi, siyo namba aliyosikia kwa telefone. Akichonga kwanza, halafu sokoni mukakosa kipimo hicho, silinda imepotea. Mutumeni mutu na pistoni ya zamani pia, alinganishe urefu na unene wa ekisi. Majina ya pikipiki yanafanana, piesi hazifanani kila mara.

Wakati wa kupokea silinda, ingiza pistoni bila segma: ishuke kwa uzito wake polepole, isikwame wala isicheze. Kisha osha silinda na maji ya moto na sabuni, siyo esansi tu, juu esansi inaacha ule unga wa jiwe la kuchonga. Kausha, pakaa mafuta palepale.

Kurudisha

Segma zinawekwa na herufi yao ikitazama juu. Ncha zisifuatane kwa mustari mumoja. Ziachane karibu theluthi ya duara, kama mawe matatu ya jiko. Pakaa mafuta kila kitu, tia vipande viwili vya muti chini ya pistoni ili isiyumbe, finya segma na vidole na teremsha silinda taratibu. Ikigoma usilazimishe: segma moja imetoka mahali, na inavunjika upesi sana. Jwenti na vile vipini vya ekisi vinakuwa vipya kila mara. Hapo musihurumie pesa.

Kaza nati kwa musalaba, mara tatu. Rudisha sheni kufuata ile foto, pima nafasi ya supapu moteri ikiwa baridi kufuatana na kitabu cha pikipiki, halafu zungusha moteri kwa mukono mara mbili kamili. Ikigonga kitu, simama, alama za sheni hazikukaa. Mafuta mupya yawe ndani mbele ya kiki ya kwanza.

Kwa kilometre 500 za kwanza hakuna mifuko miwili ya viazi, hakuna kukimbia. Kwenda na kurudi Goma–Sake mara 10 ni karibu hesabu hiyo. Kisha vidanje tena, juu mafuta ya kwanza yanabeba unga wa chuma.

Na filtri? Udongo wa pande za Sake ni wa volkano, chembe zake ni ngumu kama kioo kilichosagwa, na ndizo zilizokula silinda ya kwanza. Wamotari wanaotoa filtri ili pikipiki "ipumue" kwenye mulima wananunua nguvu ya siku moja na silinda nzima. Ya sponji inaoshwa na sabuni, inakaushwa, inapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi inagongwa na kupulizwa toka ndani, na siku ikichoka inabadilishwa. Angalia pia mupira unaounganisha filtri na karburateri kama haukupasuka. Kule Walikale adui mwingine ni maji ya mito: mafuta yakionekana kama chai ya maziwa, yatolewe siku ileile.

Mafuta ya vidanje musiyamwange shambani wala kwa kijito, na musiyapake kwa maharagwe ya mbegu kufukuza wadudu, kama nilivyoona yanafanywa. Na ile bidoni yake itobolewe, isije ikarudi sokoni kubeba mafuta ya ngazi.