Maswali ya Makatibu Wanaojifunza Lugha ya Python, na Majibu Yake

Katika ukaguzi wa vitabu vya vyama vya msingi, makatibu kadhaa, hasa vijana walioajiriwa siku za karibuni, wameonyesha ari ya kujifunza kuandika programu za kompyuta wao wenyewe, ili kurahisisha hesabu za mazao, makato na malipo ya wanachama. Lugha waliyoichagua walio wengi ni ile iitwayo Python. Ari hiyo yastahili kupongezwa. Hata hivyo, hesabu za chama ni jasho la wakulima. Karani aliyekosea kwa kalamu hukosea mstari mmoja, lakini programu iliyokosewa hukosea leja nzima, tena kwa mwandiko safi usiotiliwa shaka. Kwa sababu hiyo imeonekana vema kuyakusanya maswali yanayoulizwa mara kwa mara na kuyajibu hapa, ili katibu ayasome, na mwanachama naye ajue la kumwuliza katibu wake.

Swali la 1: Python ni nini, na je, chama kitailipia?

Python ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Ilianza kutengenezwa na Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa mwaka 1989, na ikatolewa kwa watu mwaka 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama wengi wadhanivyo, bali lilitokana na kipindi cha wachekeshaji wa Uingereza waitwao Monty Python. Lugha hii hailipiwi. Ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti, jambo linalovifaa vyama vilivyo mbali na mji, na kompyuta ya kawaida ya ofisini yatosha.

Swali la 2: Nimepata kitabu cha zamani. Je, chafaa?

Tazama kwanza kinafundisha Python ya 2 au ya 3. Python ya 3 ilitolewa mwaka 2008, na huduma za Python ya 2 zikakomeshwa tarehe 1 Januari 2020. Tofauti zake si za maneno tu. Katika ile ya zamani, 5 kugawa kwa 2 kwa alama ya / huleta 2, na nusu hupotea kimya kimya. Katika ya 3 huleta 2.5. Katibu atakayefuata kitabu cha zamani kwa kompyuta ya leo aweza kupata jumla asizozitarajia. Jifunze Python ya 3 tangu mwanzo.

Swali la 3: Nimenakili maagizo neno kwa neno, mbona kompyuta inakataa?

Mara nyingi sababu ni nafasi za mwanzo wa mstari. Katika lugha hii nafasi hizo zina maana. Tazama mfano huu wa kujumlisha mizigo iliyopimwa:

mizigo = [120, 130, 95]
jumla = 0
for kilo in mizigo:
    jumla = jumla + kilo
print(jumla)

Mstari wa nne umesogezwa ndani kwa nafasi nne, maana yake ni kwamba unarudiwa kwa kila mzigo. Mstari wa mwisho haukusogezwa, kwa hiyo unatekelezwa mara moja tu, baada ya mizigo yote kwisha, nao huandika 345. Ukiusogeza ndani nao, kompyuta haitakataa, ila itaandika jumla mara tatu: 120, kisha 250, kisha 345. Zaidi ya hayo, herufi kubwa na ndogo hazilingani: "Kilo" na "kilo" ni majina mawili. Tena alama moja ya = humpa jina thamani, na alama mbili == huuliza kama vitu viwili ni sawa.

Swali la 4: Nilijumlisha kilo 120 na kilo 130, nikapata 120130. Kuna nini?

Kompyuta haikukosea. Kila kinachoandikwa kwa vidole kwa njia ya input() hupokelewa kama maandishi, wala si namba, na maandishi mawili yakijumlishwa huungwa tu. Dawa yake ni kuyageuza kwanza kuwa namba:

kilo = int(input("Andika kilo: "))

Ni vema mwanachama aelewe hatari iliyopo hapa. Kilo 120130 kwa mkulima mmoja zitaonekana na kila mwenye macho, lakini kilo 1 na kilo 2 zikiwa 12 zaweza kupita bila kuonekana.

Swali la 5: Kwa nini hesabu za senti hazikai sawa?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2, naye atajibu 0.30000000000000004. Sababu ni kwamba kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kama sisi tusivyoweza kuandika theluthi kwa desimali ikaisha, ndivyo nayo isivyoweza kuiandika sehemu ya kumi ikaisha. Hivyo hukata mahali fulani, na vipande vilivyokatwa hujikusanya.

Kanuni ya kufuata ni hii: fedha na uzito vihesabiwe kwa namba kamili. Kilo 12.3 ziandikwe gramu 12300, na shilingi zenye senti ziandikwe kwa senti. Pale ambapo desimali haiepukiki, itumike moduli iitwayo decimal, na namba iwekwe ndani ya alama za kunukuu, yaani Decimal("0.1").

Jambo la pili ni kukamilisha nusu. Tuchukue mfano wa kujifunzia: bei ni shilingi 2,350 kwa kilo na makato ni asilimia 3. Mkulima wa kwanza ameleta kilo 247. Malipo yake ni shilingi 580,450 na makato ni 17,413.50. Wa pili ameleta kilo 249. Malipo yake ni shilingi 585,150 na makato ni 17,554.50. Ukitumia amri ya round(), wa kwanza atakatwa 17,414 na wa pili 17,554. Nusu ya mmoja imepandishwa, na ya mwenzake imeshushwa! Ndivyo Python ilivyopangwa: nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kanuni hiyo ina sababu zake za kitaalamu, lakini mkulima aliyekatwa zaidi hatazijua. Kwa hiyo Kamati ndiyo iamue, na iandike katika muhtasari wake, kama nusu itapandishwa au itashushwa kwa wote, ndipo katibu aandike programu kulingana na uamuzi huo.

Swali la 6: Programu yangu imewalipa wanachama wote isipokuwa wa mwisho. Kwa nini?

Python huanza kuhesabu vitu vya orodha kwa 0, na mfululizo wake huishia kabla ya namba ya mwisho uliyoitaja. Chama chenye wanachama 240 kikiandikiwa range(1, 240), mwanachama wa 240 ataachwa. Yapasa kuandika range(1, 241). Njia iliyo salama zaidi ni kupita katika orodha yenyewe, kama tulivyofanya kwa mizigo hapo juu, bila kutaja namba hizo kabisa.

Swali la 7: Nilirekebisha orodha ya msimu huu, na ile ya msimu uliopita ikabadilika pia. Imekuwaje?

Ukiandika mpya = zamani, hukutengeneza orodha ya pili. Umeipa orodha ile ile jina la pili, kama mtu mmoja aitwavyo Juma nyumbani na Mwenyekiti ofisini. Ukimvika kanzu Juma, Mwenyekiti naye amevaa kanzu. Andika mpya = zamani.copy(). Na iwapo ndani ya orodha zimo orodha nyingine, tumia deepcopy ya moduli ya copy. Juu ya hayo, faili la msimu uliofungwa lisiguswe na programu yoyote. Liwekwe nakala mahali pengine.

Swali la 8: Nikikwama, niombeje msaada?

Kwanza soma taarifa ya kosa kuanzia mstari wa mwisho, kwani huo ndio utajao aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake huonyesha mahali. Pili, punguza programu mpaka ibaki mistari michache yenye kosa hilo. Tatu, eleza ulitarajia nini na umepata nini. Anayeandika "haifanyi kazi" peke yake hasaidiki.

Wapo wanaoomba msaada kwa programu za akili mnemba. Si vibaya, lakini majibu yake yapimwe kama yapimwavyo maneno ya mgeni: huweza kuwa fasaha na yasiwe sahihi. Kwa vyovyote, majina ya wanachama, namba zao za simu na akaunti zao za benki visipelekwe huko. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tumia majina ya kubuni.

Swali la 9: Je, programu yaweza kushika nafasi ya vitabu vya chama?

Hapana, isipokuwa imepimwa na kukubaliwa na wahusika. Hatua zifaazo ni hizi:

1. Chagua wanachama kumi wa msimu uliopita, piga hesabu zao kwa mkono, kisha linganisha na programu.

2. Waingize na walio wagumu: asiyeleta mazao, ambaye deni lake la pembejeo limezidi malipo, na wawili wenye jina moja. Programu itambue mtu kwa namba ya uanachama.

3. Programu ihakikishe yenyewe kwamba jumla ya makato na malipo halisi ni sawa na thamani ya mazao yote. Isipokuwa sawa, isimame.

4. Iendeshwe sambamba na vitabu kwa msimu mzima.

5. Katibu aandike maelezo kwa Kiswahili baada ya alama ya # ndani ya programu, na mtu wa pili, mweka hazina au mjumbe, aweze kuisoma na kuiendesha. Programu inayojulikana na mtu mmoja tu ni ufunguo wa kasha uliomo mfukoni mwa mtu mmoja.

Ndugu makatibu, jifunzeni bila woga, kidogo kidogo kila siku, kwa kuandika na si kwa kusoma tu. Nanyi ndugu wanachama, mkipewa karatasi ya malipo iliyotoka kwenye mashine, msiipokee kwa heshima ya mashine. Zidisheni kilo zenu kwa bei, toeni makato, mwone kama inalingana. Haki ya kuuliza hesabu ni ya mwanachama, iwe hesabu hiyo imeandikwa kwa kalamu au kwa Python.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika