Mguu wa kushoto ndio wenye kazi

Wiki hii tuongee juu ya gari, na si gari la kupanda kama abiria. Tunasikia kila mara kwamba otomatiki inamtosha mwanamke. Labda inatosha kwa kwenda kanisani. Lakini magunia ya makala na mihogo yanayoshushwa hapa Kituku kutoka upande wa Kalehe yanapakiwa ndani ya Fuso Canter, na hizo nyingi ni za gia za mkono. Asiyejua kuiendesha anamlipa shofa kila safari, na faida inapungua kabla haijafika nyumbani.

Pedali ni tatu: kushoto ambreyaji, katikati breki, kulia ya mafuta. Mpango huo haubadiliki hata usukani ukiwa kulia, kama ulivyo katika magari mengi ya Goma yanayotoka Japani. Kinachobadilika ni mkono, maana gia utaishika kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa Kongo tunatembea upande wa kulia wa barabara, dereva wa usukani wa kulia haoni vizuri anapotaka kupita lori. Aliye kando yake amsaidie kuangalia.

Kabla ya kuwasha, tengeneza kiti. Kanyaga ambreyaji mpaka mwisho. Goti libaki limepinda kidogo. Mama mfupi aweke mto mgumu nyuma ya mgongo, asikae kwenye ncha ya kiti. Kandambili zivuliwe, kitenge kifungwe kisifike kwenye pedali. Chupa ya maji isiachwe chini: ikiingia nyuma ya breki, hakuna sala fupi ya kutosha.

Ambreyaji inatenganisha injini na magurudumu. Ukiiachilia ghafla, gari linaruka na kuzima. Ukiuacha mguu juu yake njia nzima, diski inalika, na kuibadilisha ni pesa ya masomo ya mtoto.

Tunaogopa zaidi mpando wa kutoka ziwani, maana nyuma ya gari kuna machukudu na wamama wenye watoto mgongoni. Hapo gari lisirudi nyuma hata kidogo. Vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua mguu wa kushoto polepole mpaka mlio wa injini ushuke na gari litake kwenda. Hapo tu ndipo unaachilia breki ya mkono.

Wakati wa kushuka, wengine wanatoa gia ili kuokoa mafuta. Sisi tunakataa kabisa. Gari lenye mzigo lishuke na gia ya pili, injini ilizuie. Breki peke yake inachoka. Mwaka wa 1888 huko Ujerumani, Bertha Benz alimwacha mumewe amelala, akachukua wanawe wawili na kuendesha gari zaidi ya kilometa 100, toka Mannheim mpaka Pforzheim. Miteremko ilimaliza breki zake za mbao, akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi.

Anayetaka kuanza asije Kituku siku ya soko. Atafute uwanja mtupu wenye mteremko mdogo, dereva mwenye permi akae kando. Jiwe la volkano liwekwe nyuma ya gurudumu, kiganja kimoja mbali. Siku atakayoondoka mara kumi bila gurudumu kuligusa, ajaribu na magunia mawili.