Niliuza maboksi 6 ya bustani, mboga zikakauka. Jifunze hapa kabla hujaposti bidhaa

Leo nawaletea hasara yangu mwenyewe, ili wewe usije ukailipia mara ya pili.

Nina duka dogo hapa Ihumwa, na pembeni nauza vitu vya nyumbani mtandaoni. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa hapo jirani Mtumba, nyumba huku zinaota kama uyoga. Watu wanahamia, wana uwanja nyuma ya nyumba, wanataka papendeze. Nikakutana na picha mtandaoni za bustani za maboksi: mbao safi, mboga zimejaa mpaka zinamwagika. Nikasema hapa hapa.

Fundi akanitengenezea boksi la mbao za paleti, mita 2 kwa mita 1, kimo sentimita 30. Mbao, misumari, ufundi na kirikuu ya kumpelekea mteja: 60,000. Nikauza 85,000. Nikaposti zile zile picha za mtandaoni, na mwezi wa sita peke yake nikauza 6. Faida 150,000. Nikajiona bosi.

Mwezi wa nane mteja mmoja wa Mtumba akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mimi nilinunua mboga au nilinunua picha?"

Nikaenda. Boksi zuri, mchicha umekauka, sukuma wiki imebaki vijiti. Nikachimba kwa kidole: udongo mkavu kama majivu, hasa pembeni kwenye mbao. Na yule mama alikuwa anamwagilia kila maji yakitoka. Nikawatafuta wale wengine watano, hadithi ile ile.

Kosa liko wapi? Tuta lililoinuliwa linapigwa na jua na upepo pande zote, na maji yanashuka haraka. Huko picha zilikotoka, kwenye baridi, wanainua udongo makusudi ili usituamishe maji na upate joto mapema. Na usidhani wenzetu wana mvua nyingi sana. London inapata kama milimita 600 kwa mwaka, Dodoma haipishani nayo sana. Tofauti ni kwamba yao inagawanyika mwaka mzima na hewa ni ya ubaridi, yetu inanyesha Desemba mpaka Aprili, halafu ni jua na upepo mpaka basi. Mimi nilikuwa nauza dawa ya unyevu kwenye mji mkavu.

Bibi jirani yangu ana mboga mwaka mzima, na matuta yake hayajainuka, yamezama. Nilipomuuliza alicheka: "Mjukuu wangu, wewe unayapandisha maji ngazi?"

Wateja wawili walitaka hela yao, nikarudisha 170,000. Yaani faida yote ikaenda na 20,000 ya mfukoni juu. Wanne walikubali niwarekebishie. Hivi ndivyo nafanya sasa:

1. Nauliza kwanza. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Una simtanki? Uwanja ni udongo, mawe au umesakafiwa? Nani atamwagilia ukiwa kazini? Majibu ndiyo yananiambia nimuuzie nini.

2. Mwenye udongo simuuzii boksi. Namchimbia tuta la kuzama: tunalainisha udongo, tunachanganya samadi iliyooza vizuri, na juu tunaacha uwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hivi. Maji yanakaa humo humo. Nalipwa ufundi na samadi. Bei ni ndogo, ila mteja anakula mboga.

3. Boksi ni kwa mwenye uwanja wa saruji au mawe, au asiyeweza kuinama. Ndani navisha nailoni nzito, natoboa matundu ya kutolea maji sentimita 5 juu ya kitako ili akiba ibaki chini. Juu naweka matandazo: majani makavu au maganda ya karanga. Mbao hazigusi ardhi, mchwa wa huku hawana huruma. Na usipake oili chafu, humo ndani kinalimwa chakula.

4. Anayetaka la kujengea kwa tofali, nalitenga na ukuta wa nyumba. Ukiegemeza udongo ukutani, unyevu unaingia ndani na rangi inabanduka. Lawama ni yako.

5. Asiye na bajeti namuuzia bustani ya gunia. Kibera kule Nairobi watu wanalima sukuma wiki hivi. Katikati unajaza nguzo ya mawe kwa kutumia kopo lisilo na kitako, unalivuta juu kadiri udongo unavyopanda, ili maji yafike mpaka chini. Ubavuni unatoboa, unapanda miche.

6. Nasema gharama yote. Boksi langu linakula lita 600 za udongo, yaani ndoo 30 za lita 20. Zamani sikusema, mteja anabaki na boksi tupu anashangaa. Na kwenye boksi hilo ndoo moja ya maji ni sawa na mvua ya milimita 10. Kiangazi asitegemee kikombe.

7. Naposti picha zangu tu, na mwezi naandika. Picha ya Machi kila mtu anayo. Mteja mwelewa anataka kuona ya Septemba.

Yule mama wa Mtumba nilimrekebishia bure. Mwezi wa kumi akanitumia picha ya chainizi, majani mapana, nyuma unaona vumbi la uwanja wake. Nikamwomba ruhusa, nikaiposti. Haina mvuto kama zile za mwanzo, lakini imeniletea wateja watatu, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kulalamika.

Kwa hiyo wewe unayeuza viatu, mapazia, majiko, chochote ulichokiona kwenye picha ya mbali: tumia kwanza mwenyewe hapo ulipo, angalau mwezi mmoja, kwenye maji yako, umeme wako na vumbi lako. Ndipo uposti.

Kazi njema.