Ndege ya kutengenezwa nyumbani: kosa linatafutwa ingali chini

Kwa watu wa Shabunda ao Walikale, ndege ndogo si kitu cha ajabu. Lakini kuna zingine ambazo hazitoke kiwandani. Kule Marekani, sheria inaruhusu mtu ajitengenezee ndege yake ndani ya garaji, akifuata plani alizonunua. Kazi inaweza kula miaka. Ikiisha, moteri inanguruma vizuri, rangi inang'aa, na mwenyewe ana haraka ya kupanda. Hapo ndiyo hatari inaanzia.

Mwimbaji John Denver, yule wa "Take Me Home, Country Roads", alikufa hivyo tarehe 12 Oktoba 1997, karibu na Monterey, California. Ndege yake, Long-EZ, hakuitengeneza yeye. Aliinunua kwa mtu mwingine. Katika plani, robine ya kubadilisha tangi la mafuta iko mbele, karibu na mkono wa rubani. Aliyeitengeneza aliiweka nyuma ya bega la kushoto.

Siku ile, mbele ya kuruka, Denver na fundi waliona kama mkono haufike vizuri. Walijaribu kurefusha kishikio kwa pinsi, haikusaidia. Fundi akamupa kioo kidogo cha kuangalilia kipimo cha mafuta, maana nacho kilikuwa nyuma. Mafuta hakuongeza. Akaruka.

Wachunguzi walikaa baadaye katika ndege ya namna ile. Waliona kwamba ili kuzungusha robine, rubani anaachilia usukani, anapindua mwili wote, na bila kujua mguu wa kuume unakanyaga pedali. Ndege inageuka. Kosa lilionekana chini, kwa macho ya watu wawili, na likapandishwa hewani vilevile. Mimi naona hapo ndiyo pa kuumiza zaidi.

Basi wajuzi wanafanya nini? Wanapima mafuta kwanza. Pua ya ndege inainuliwa kama inapanda, mupira wa mafuta unafunguliwa kwenye moteri, mafuta yanamwagika ndani ya bido, wanahesabu dakika. Ikiwa yanashuka yenyewe bila pompe, yanapaswa kupita matumizi ya moteri kwa nusu tena: moteri ya kula lita 20 kwa saa wakati wa kupaa, itolewe 30. Yakipungua, wanatafuta: pengine mupira umekunjwa, pengine tangi halipate hewa.

Kisha mizani, moja chini ya kila gurudumu. Uzito ukizidi nyuma, pua inainuka na ndege inakataa kutii.

Halafu kitu ambacho kinaonekana kama mchezo wa watoto: kusukuma usukani kuume na kuangalia mabawa. Kibao cha bawa la kuume kipande, cha kushoto kishuke. Kamba zikifungwa kinyume, rubani atajua akiwa hewani, na kule hakuna pa kusimama.

Hata baada ya hayo yote, kule Marekani ndege mpya kwa kawaida inajaribiwa masaa 25 ao 40, kulingana na moteri yake, bila kubeba abiria. Na mbele ya saa ya kwanza, rubani anakaa ndani, anajifunga mkanda, anafumba macho, anagusa kila kishikio kimoja kimoja. Ambacho mkono haufikie, kinang'olewa na kuhamishwa, hata kama rangi imekwisha kukauka.